Bibi Ishirini na Tisa

Wanafunzi walimwita Pangaboi, na sababu haikufichika: akishawashwa hazimi. Saa mbili kamili asubuhi aliingia ukumbi namba nne, akatupa mkoba mezani, na kuanzia hapo hadi mwisho wa kipindi miguu yake haikujua kusimama. Dirishani, ubaoni, mlangoni, tena dirishani. Mwaka mmoja mtundu fulani wa kiti cha nyuma alihesabu, akapata kwamba mwalimu alivuka ukumbi mara mia mbili na kumi na nne katika mhadhara mmoja, na mhadhara wenyewe ulihusu usingizi. Haya, niambie wewe, mtu wa namna hiyo anamfundisha nani kulala?

Nisije nikamsingizia lakini. Alikuwa mwalimu hasa. Miaka kumi na saba alikuwa akifundisha saikolojia na sayansi ya ubongo, na alifundisha kwa hicho hicho alichopewa. Ubongo wa plastiki wa idara ulikuwa umepoteza kipande chake cha nyuma mwaka ambao hakuna anayeujua, na mahali pake palibandikwa sifongo ya kuoshea vyombo. Akiishika ile sifongo alisema, uso mkavu kabisa, "Hapa ndipo mwili unapopata mizani yake. Atakayeosha sufuria kwa hiki nitamfelisha." Darasa lilivunjika mbavu, naye akajifanya hajui wanacheka nini.

Kutotulia kwenyewe hakukuishia kazini. Nyumbani alikula wima, sahani mkononi, na mkewe alishachoka kumwonyesha kiti. Vikaoni goti lake lilitikisa meza mpaka kalamu za wenzake zikaviringika. Alisoma tasnifu za wanafunzi huku akizunguka dawati lake. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza moyo, namba. "Watu wanahisi, mimi napima," ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliitamka kwa kila mtu, hata kwa wasiomuuliza. Angejua siku moja itamkaba kooni, angeimeza mapema.

Katika kazi zake zote, aliyojivunia zaidi ilikuwa karatasi moja ya kuwapimia wazee kumbukumbu. Haina mambo mengi. Unamsomea mzee maneno matano. Unampa kazi nyingine ya kumpoteza kidogo: achore saa, atoe saba saba kuanzia mia moja, ataje siku, tarehe, mwezi, mwaka na mahali alipo, na vijimambo vingine vya namna hiyo. Kisha unamrudia ghafla: yale maneno matano yalikuwa yapi? Jumla ni alama thelathini. Mzee akifika ishirini na sita au zaidi, mnaagana vizuri. Akipungukiwa, unamwandikia barua ya kwenda kwa daktari.

Karatasi hiyo ilikuja kwa lugha ya watu wengine, na yeye ndiye aliyeileta kwenye Kiswahili, miezi minane ya kukuna kichwa. Maneno matano aliyachagua mwenyewe: ufunguo, limau, daraja, pamba, kijani. Alinuia kutunga seti ya pili na ya tatu, ili mtu asipimwe mara mbili kwa maneno yale yale. Alinuia, nasema. Kila muhula ulikuja na mrundo wake wa karatasi za kusahihisha, na seti ya pili ikabaki kwenye daftari la mambo ya kufanya, ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa, miaka minane.

Sasa wanafunzi wa kupima wanahitaji mzee wa kumpima, na wazee hawapatikani chuoni. Akamleta mama yake.

Mama alikuwa mjane, na enzi zake alikuwa opereta wa simu, wakati ule wa kuchomeka waya ubaoni. Namba za mji mzima alizibeba kichwani. Hospitali, bandari, kituo cha polisi, duka la vitambaa, mpaka nyumba ya yule karani aliyempigia kila siku kumuuliza saa, kisa apate kusikia sauti yake. Kustaafu kulimkalia vibaya. Kwa hiyo mwanawe alipomwambia wanafunzi wanamhitaji kila Alhamisi saa nne, alikuwa ameshafungua kabati kutafuta gauni kabla hajamaliza kusikiliza.

Basi ikawa hivyo. Kila Alhamisi ya muhula, Mama alishuka garini amenyooka, gauni limepigwa pasi, manukato yametangulia, akapanda ngazi hadi maabara ya saikolojia ghorofa ya kwanza. Wanafunzi walitetemeka kuliko yeye. "Taratibu, mwanangu," alimwambia kijana aliyeangusha saa ya kupimia muda, "hata ukikosea mimi sitamwambia mtu." Aliwapa majibu yake kwa sauti ya opereta, neno moja moja, wazi. Na ukiacha siku ya kwanza, kila wakijumlisha, jibu ni lile lile. Ishirini na tisa.

Wakamwita Bibi Ishirini na Tisa. Walimpigia makofi. Mwanawe akamrekodi video, akawa anaionyesha kila mwaka mbele ya wanafunzi mia na ishirini: huu, mabibi na mabwana, ndio ubongo wa miaka sabini na tano. Hiyo alama moja iliyobaki ilikuwa ya tarehe. Hakuwahi kuipata. "Mstaafu tarehe za nini?" alikuwa akisema, wanafunzi wakacheka, na Pangaboi akacheka kuwazidi wote.

Hakucheka mtu mmoja tu, dada yake.

Huyu dada, mkubwa wake kwa miaka sita, alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa Mama. Alimpitia Mama asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Hakujua habari za ubongo hata kidogo, ila Mama alimjua. Mwaka mzima alikuwa akimpigia mdogo wake simu, na mwaka mzima mazungumzo yalikuwa haya haya.

"Mama ameunguza sufuria tena."

"Dada, nani hajawahi kuunguza sufuria?"

"Ilikuwa tupu, mdogo wangu. Ameinjika sufuria tupu, akawasha jiko, akaenda kulala."

"Alichoka."

"Kabatini kuna vibiriti kumi na vinne. Kila akienda dukani ananunua kibiriti. Jana kaniita jina la shangazi, nikamwitikia, nikaona nimwache."

"Alhamisi amepata ishirini na tisa."

"Mimi sikuulizi Alhamisi. Nakuuliza jiko."

Alichotaka dada ni kitu kimoja: Mama aache kukaa peke yake, ahamie kwake. Chumba kipo, watoto wameshaoa na kuolewa. Mama akakataa katakata. "Mwanangu ni daktari wa ubongo," alimwambia. "Ubongo wangu anaujua kuliko nyie mnaopima watu viuno." Dada akampeleka Mama kliniki kwa siri, na daktari wa pale, aliyefundishwa na nani kama si Pangaboi mwenyewe, alitazama rekodi za alama ambazo Mama alizibeba mkobani, akamtazama na dada juu ya miwani. Nyumbani kwenu kuna mtaalamu, akasema, mnakuja kwangu kufuata nini? Tangu siku hiyo dada aliacha kubishana. Akawa anapita tu, asubuhi na jioni, na kunusa hewa kabla hajagusa swichi ya taa.

Unaona jinsi ile karatasi ilivyofunga kila mlango. Na aliyefunga milango hiyo alidhani anamlinda mama yake.

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, Pangaboi akiwa anafunga viatu huku anatembea, jambo ambalo mimi binafsi sijui anavyoliweza, dada alipiga.

"Nimekuta gesi imefunguliwa, moto hakuna," akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ilimtisha kuliko kelele. "Mama amekaa sebuleni, kibiriti mkononi, anajiuliza alikuwa anataka kufanya nini. Nimefunga jiko, nimefungua madirisha yote. Sikiliza, sikupigii tena kwa habari hii. Njoo umwambie ahamie kwangu. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

"Nina kipindi saa mbili, Dada. Tutaongea baadaye."

"Kipindi," dada akasema, akakata simu.

Aliingia ukumbini roho juu. Na mhadhara wa siku hiyo, wiki ya tatu ya muhula, ulikuwa ule ule wa kila mwaka wiki ya tatu, athari ya mazoezi katika upimaji. Aliujua kama anavyojua jina lake.

"Mpime mtu leo," alisema akielekea dirishani, "mpime tena kesho kwa maswali yale yale. Kesho alama zitapanda. Je, usiku kapata akili?" Akageuka. "Hapana. Amelijua swali. Kwa hiyo ukiona alama nzuri, kabla hujafurahi jiulize: nimepima ubongo, au nimepima mazoea?" Akafika mlangoni, akarudi. Akawasha video ya Mama, kama kawaida, ili waone kwanza alama nzuri inavyofanana.

Mama akatokea ukutani, mkubwa, gauni la bluu. Ufunguo, limau, daraja, pamba, kijani. Ukumbi ukapiga makofi.

Kiti cha mbele kabisa aliketi binti mmoja mwenye sweta hata wakati wa joto, ambaye tangu mwaka wa kwanza hakuwahi kuuliza kitu. Akanyoosha mkono, nusu tu, kama anayejuta njiani.

"Samahani, mwalimu. Huyu bibi amepimwa mara ngapi?"

"Mara kadhaa."

"Kwa maneno haya haya?"

"Ndiyo. Endelea."

"Na ile alama moja anayokosa ni ya nini?"

"Tarehe," Pangaboi akasema, na kwa mazoea akaanza kutabasamu.

"Kila mara ni tarehe?"

"Kila mara."

Binti akaangalia daftari lake. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya hesabu tu. "Maana tarehe ndiyo peke yake inayobadilika," akasema.

Pangaboi akasimama. Wanafunzi baadaye walisimuliana sana habari hiyo, kwamba walimwona amesimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele, na kwamba wa nyuma walidhani anaumwa. Yeye alikuwa anatazama ukuta. Siku? Alikuja kila Alhamisi, na kila mara alijibu Alhamisi. Mahali? Maabara, daima maabara. Mwezi na mwaka? Nyuma ya kiti cha anayepima palikuwa na kalenda, herufi kubwa kama viganja, na aliyeitundika ni yeye mwenyewe. Saa, saba saba, maneno matano, vyote havijabadilika hata nukta kwa miaka minane. Kitu kimoja tu katika karatasi nzima ndicho Mama alipaswa kukijua upya, na hicho hajakipata hata siku moja.

"Tuishie hapa," akasema. Kipindi kilikuwa na dakika arobaini mbele.

Ofisini alitoa jalada la rekodi, akahesabu. Akakaa, akainuka, akahesabu tena. Mara tisini na moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeandika vile, yeye angempigia mstari mwekundu karatasi nzima. Alitamani aone aibu tu, kwa sababu aibu angeiweza, lakini kilichomjaa kifuani kilikuwa hofu. Aliona kibiriti mkononi mwa mama yake. Kwenye korido mkuu wa idara alimwita, kikao cha mitihani saa nne, usisahau ripoti, naye akaitikia ndiyo ndiyo huku akienda upande mwingine kabisa.

Mbele ya mashine ya kutoa kopi aligeuza karatasi ya mahudhurio, akaandika nyuma yake: kijiko, mvua, ngazi, kofia, bluu. Chini yake akaandika kwamba saa ya kuchorwa iwe saa tano na robo, na kwamba atoe tatu tatu kuanzia themanini. Seti ya pili hiyo. Miaka minane ilimshinda, na sasa ilimchukua dakika mbili, wima, bila hata kuegemea.

Mama alikaa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya ghorofa. Madirisha yote yalikuwa wazi na mapazia yamefungwa mafundo, kazi ya dada hiyo. Harufu ya gesi ilikuwa bado ipo kwa mbali. Mama alifungua mlango, uso ukachanua.

"Baba! Karibu, karibu." Kisha akaona karatasi mkononi mwake. "Loo, leo Alhamisi, na mimi niko hivi. Ningoje."

Hakumpa nafasi ya kusema neno. Aliingia chumbani, na mwanawe akabaki akizunguka sebuleni, kutoka redioni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye picha ya marehemu baba yake, akinyoosha vitu vilivyokwisha kunyooka. Mama alirudi na gauni la bluu na manukato, akaketi kwenye kiti chake cha kila siku, mikono mapajani.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Leo ni mimi tu, Mama."

"Bora. Wale wanatetemeka mno."

Akamsomea maneno matano mapya, polepole, mara mbili. Mama akaitikia kwa kichwa. Akamwomba achore saa tano na robo. Mama akachukua kalamu na kuchora saa nzuri ya duara, mkono haukutikisika, akaweka mishale kwenye saa kumi kasoro dakika ishirini, kama ilivyokuwa kwenye karatasi ya zamani. Akampa kutoa tatu tatu kuanzia themanini. "Tisini na tatu," Mama akaanza, "themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano," sauti ya opereta, wazi, bila kusita.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Ilikuwa Jumanne.

"Na hapa tuko wapi, Mama?"

Mama alimtazama kwa upole, kama anavyowatazama wale wanafunzi wake. Alikuwa kwenye kiti chake, sebuleni kwake, chini ya picha ya mumewe. "Chuo kikuu," akasema. "Maabara ya saikolojia, ghorofa ya kwanza."

Pangaboi hakuweza kuandika. Alishika kalamu tu. "Yale maneno matano niliyokusomea, ni yapi?"

"Ufunguo, limau, daraja, pamba, kijani." Akakunja mikono, amemaliza kazi.

"Hayo ni ya zamani, Mama. Nataka ya leo."

"Ya leo?"

"Niliyokusomea sasa hivi."

Vidole vya Mama vya mkono wa kulia vilianza kucheza juu ya goti, chomoa, chomeka, chomoa, kama vinatafuta tundu la waya. Hapo mwanawe akaona kitu ambacho mara tisini na moja hakuwahi kukiona usoni mwa mama yake, maana hakuna aliyempa nafasi ya kukionyesha. Alikuwa anaogopa.

"Yalikuwa matano?" akauliza.

"Matano."

"Nianzishie."

"Ki…"

"Kijani," Mama akasema haraka.

Pangaboi alisema anakwenda kunywa maji. Jikoni alifungua kabati kutafuta glasi, vibiriti vikamwangukia mikononi, na nyuma ya mlango wa kabati, kwenye mbao, akakuta maandishi ya penseli. Ufunguo limau daraja pamba kijani. Chini yake 93 86 79 72 65. Chini yake saa, imechorwa na kufutwa na kuchorwa tena, mpaka mbao ikang'aa. Na chini kabisa: Alhamisi, maabara, ghorofa ya kwanza, tazama kalenda. Herufi za juu zilikuwa zimefifia, za miaka. Mwandiko ulikuwa ule uliomwandikia ruhusa za shule.

Alitoa simu. Dada alipokea mlio wa kwanza.

"Dada, njoo kwa Mama. Ulikuwa unaona sawa. Mimi ndiye nilikuwa sioni."

Alingoja asikie lawama zake, na angezistahili zote. Alichosikia ni cherehani ikizimwa. "Nakuja," dada akasema.

Akarudi sebuleni. "Mama, yale ya kabatini uliandika lini?"

"Yapi? Aa." Hakuona haya hata kidogo. "Ile mara ya kwanza nilikosa maneno mawili. Umesahau? Ukanirudisha nyumbani njia nzima hunisemeshi, uso umekushuka, unagongagonga usukani. Nikasema sitakuaibisha tena mbele ya watoto wa watu. Mtihani si unasomewa? Wewe ulisomea mitihani yako yote kwenye meza hiyo hapo, na mimi nikikushikia taa. Nisisome mimi?"

Hakukumbuka kunyamaza njia nzima. Wala hakukumbuka usukani. Lakini goti lake lilikuwa likitikisika hapo hapo, akalitazama, akajua ni kweli. Siku ya kwanza Mama alipata ishirini na saba, alama ya mzee mzima kabisa, na yeye akamnunia kwa sababu wanafunzi walikuwa wanaona.

"Nimepata ngapi leo?" Mama akauliza. Ndivyo alivyouliza kila mara, mwisho wa kazi.

Angeweza kumdanganya. Midomo ilikuwa tayari. Kisha upepo wa dirishani ukaleta tena ile harufu.

"Kumi na moja."

"Katika thelathini?"

"Katika thelathini, Mama."

Mama akainamisha kichwa, akapapasa pindo la gauni la bluu. "Usiwaambie wanafunzi," akasema.

Pangaboi akavuta kigoda, akaketi mbele yake karibu, magoti yakagusana na ya mama yake, na goti lake likatulia. "Mama, nataka ukakae kwa Dada. Leo. Usilale hapa tena peke yako."

"Anayesema ni daktari au ni mwanangu?"

"Daktari alikuwa mjinga. Ni mwanao."

Mama alifikiri. Muda ukapita, na safari hii hakuna aliyempima. Nje ya dirisha zilisikika hatua za mtu anayeharakisha, dada aliyekuja moja kwa moja kutoka kibandani na utepe wa kupimia ungali shingoni. Akafika mlangoni, akawaona walivyokaa, akabaki hapo hapo.

"Sawa," Mama akasema. "Ila kwanza niulize yale yetu. Sitaki kutoka nyumbani kwangu na kumi na moja."

Pangaboi akaigeuza karatasi, maneno mapya yakaangalia chini. Akamuuliza. Mama akaketi wima na kuyataja yote, ufunguo, limau, daraja, pamba, kijani, neno moja moja, kama anamuunganishia mtu simu ya mbali. Kisha akamkazia macho mwanawe, anangoja afurahi.

"Nimepata ngapi?"

Mwanawe akamtazama dada yake, aliyeichukia namba hiyo mwaka mzima.

"Ishirini na tisa, Mama," dada akasema.

"Na moja nimekosea wapi?"

"Tarehe."

"Mstaafu tarehe za nini," Mama akasema, akacheka. Dada naye akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya utepe wake. Halafu akapita jikoni, na wale wawili wakamsikia akifunga mtungi wa gesi, akijaribu tena kama umefungika.